Viti na meza ya mninga ya bustanini: vanishi inabanduka, miguu imekuwa myeusi, nianzie wapi kabla ya mvua?

Mkazi_Kibirizi (Kigoma)

Wakuu, habari zenu. Nina meza moja na viti sita vya mninga, pamoja na benchi la mvule. Vyote vinakaa nje mwaka mzima karibu na ziwa, upande mmoja chini ya mwembe na upande mwingine juani.

Hali ilivyo: vanishi ya juu ya meza imepasuka na inatoka kama magamba, na palipobanduka mbao imegeuka kijivu. Miguu ya viti ni myeusi kutoka chini hadi kama sentimita tano. Viti viwili vinacheza kwenye maungio. Kuzunguka vichwa vya misumari kuna madoa meusi yenye ubluu ambayo hayatoki kwa sabuni. Sehemu iliyo chini ya mwembe ina weusi mwingine kama masizi, huo ukiusugua unatoka kidogo.

Ushauri niliopewa mpaka sasa ni wa aina tatu: kupiga vanishi mpya juu ya ya zamani, kupaka oili chafu ya gari, na kupaka mawese kwa kuwa huku kwetu yapo tele. Kipi kinafaa, na vipimo vyake vikoje? Ningependa kazi iishe kabla mvua za Oktoba hazijaanza.

Fundi_Isevya (Tabora)

Mkuu, hakuna hata kimoja.

Vanishi mpya juu ya iliyopasuka itatoka pamoja na ile iliyoishikilia. Vanishi hukauka ikawa ngozi ngumu. Mbao iliyo chini yake huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, ngozi inashindwa kuifuata, inapata nyufa ndogo ambazo hata jicho halizioni. Maji hupita hapo kuingia, lakini kutoka hayatoki. Ndiyo maana unakuta mbao chini ya vanishi mbovu ina unyevu kuliko mbao isiyopakwa kitu.

Oili chafu ni mambo ya nguzo za uzio. Haikauki, ina mabaki ya metali na masizi ya injini ambayo ni sumu kwa ngozi, inachafua nguo miaka, na mbao ikishainywa haishiki tena gundi wala rangi. Kwenye kitu cha kukalia na kulia chakula usiiguse. Mawese namwachia Mdau_wa_Rangi, hiyo ni fani yake.

Sasa hali ya viti vyako. Ukijivu wenyewe hauna shida. Jua limevunja lignini iliyokuwa ikishikanisha nyuzi za juu, mvua ikaiosha, umebaki utando mwembamba sana wa nyuzi zilizopauka. Ndani mninga wako ni mzima. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni miguu, kwa sababu mbao hunywa maji kwa kasi kubwa zaidi pale ilipokatwa kukingama na nyuzi, na mguu wa kiti umekatwa hivyo na kisha ukawekwa juu ya udongo. Watu wanang'arisha juu ya meza kila mwaka huku kiti kinaoza kuanzia chini.

Kabla ya kununua chochote, chukua bisibisi bapa uchome chini ya kila mguu na kwenye kila ungio. Ikigoma au ikiingia milimita moja tu, mbao ni nzima hata kama ni nyeusi. Ikizama milimita tano bila nguvu, hapo pameoza na mafuta hayatapaponya.

Kuosha: ndoo ya lita 10, sabuni ya unga vijiko vinne vya chakula, brashi ya nyuzi za plastiki, sugua kufuata nyuzi. Usitumie brashi ya waya wala sufi ya chuma. Vipande vidogo vya chuma hubaki kwenye vinyweleo vya mbao na vikipata maji vinaleta madoa meusi yaleyale unayolalamikia. Usitumie magadi pia, yanaifanya mninga na mvule kuwa nyeusi. Jiki inang'arisha kwa muda, lakini inakula nyuzi za juu na kuziacha kama pamba. Weusi unaofanana na masizi chini ya mwembe ni kuvu inayoota juu ya utomvu mtamu wa wadudu wanaonyonya majani, wala haujaingia ndani. Sabuni na maji ya uvuguvugu yanautoa.

Baada ya kuosha, anika kivulini siku tatu hadi nne, vitu vimelala ubavu ili miguu ipate hewa. Ukivianika jua kali, uso mmoja unakauka kabla ya mwingine na ubao unapinda.

Kutoa vanishi: iliyolegea itoke kwa kikwaruzo au kipande cha kioo kilichonyooka, inayobaki kwa msasa namba 80, kisha 120. Ishia hapo. Ukienda 240 uso unakuwa laini mno na unakataa kunywa mafuta. Vaa barakoa, vumbi la mninga huwaletea baadhi ya watu pumu, na la mvule huwasha ngozi na pua.

Kisha mchanganyiko: sehemu moja vanishi ya nje (ile ya boti kama inapatikana), sehemu moja mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yaliyochemshwa kiwandani, sehemu moja tapentaini. Kwa seti yako lita moja ya kila kimoja inatosha mipako mitatu. Huu si vanishi tena, unaingia ndani ya mbao na hauachi ngozi ya kubanduka. Paka kwa brashi, subiri dakika 15 hadi 20, halafu futa kila kilichobaki juu kwa kitambaa kikavu. Nasisitiza kufuta: mafuta yaliyoachwa juu hayakauki vizuri, yananata, yanashika vumbi, na wiki ya pili mgeni anainuka na kiti. Kati ya mpako na mpako saa 24, na kwa unyevu wa huko ziwani heri 48.

Vitambaa ulivyofutia usivikunje na kuvitupa pamoja kwenye ndoo au kona ya stoo. Mafuta ya linsidi yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe saa chache baadaye. Vitandaze kimoja kimoja nje, au vizamishe kwenye maji.

Mdau_wa_Rangi

Kuhusu mawese. Mafuta ya mimea hayafanani. Yapo yanayokauka kwa kuvuta oksijeni na kugeuka kitu kigumu kama utomvu, na yapo yasiyokauka milele. Kipimo kinachotumika ni namba ya aidini: ikiwa juu ya 130 hivi, mafuta yanakauka. Linsidi ina 170 hadi 200. Alizeti inazunguka 110 hadi 140, kwa hiyo inakauka nusunusu na inabaki kunata. Karanga haifiki 110. Mawese yapo kwenye 50 na kitu. Yaani mawese hubaki mafuta. Yatalainika kwa joto la mchana, yataganda asubuhi ya baridi, yataota ukungu, yatatoa harufu mbaya na kuita sisimizi. Rangi yake nyekundu itaishia kwenye suruali za wageni. Yabaki jikoni.

Naongeza jambo kwa Fundi. Linsidi peke yake bila vanishi ndani yake si nzuri nje kwa huku, kuvu inaipenda na mbao inageuka nyeusi katikati ya mvua. Vanishi kwenye mchanganyiko wake ndiyo inayosaidia hapo, kwa hiyo mtu asije akairuka ili kubana matumizi.

Na mafuta yasiyotiwa rangi hayazuii jua. Kinachozuia ni chembe za rangi. Kuna ile oksaidi ya unga, nyekundu au kahawia, inayochanganywa na saruji ya sakafu. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya mchanganyiko, koroga, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa chepesi. Jaribu kwanza chini ya meza. Mninga una wekundu wake wa asili, oksaidi ya kahawia huukaribia na unaongeza muda kabla ya ukijivu kurudi.

Mkazi_Kibirizi

Shukrani sana. Nimechoma kwa bisibisi kama mlivyosema. Viti vinne vizima. Viwili vinavyocheza, miguu ya mbele ni laini hadi kama sentimita mbili. Pia kwenye ubao mmoja wa meza, upande wenye rangi ya njano hafifu, kuna vitundu vidogo na unga mwepesi ukigonga. Hivi navyo ni mchwa? Na maungio niyatie gundi gani? Fundi wa awali alitumia ile gundi nyeupe na misumari.

Randa_na_Patasi (Tabora)

Gundi nyeupe ya kawaida ni ya ndani ya nyumba. Ikilowa mara kwa mara inarudi kuwa laini kama uji, na hiyo ndiyo sababu viti vinacheza. Misumari aliyoongeza imezidisha tatizo: mninga na mvule zina tanini (kemikali ya asili ya mbao), chuma kikilowa kinatoa chumvi zake, vikikutana vinatengeneza wino mweusi. Ni madoa ya kemia, sabuni haiyawezi.

Ng'oa misumari yote inayoonekana. Madoa yatoe kwa asidi ya oksaliki, gramu 80 kwa lita moja ya maji ya moto, kwenye chombo cha plastiki. Glavu na miwani ni lazima, ni sumu. Paka uso mzima wa ubao wenye doa, ukipaka doa peke yake utaacha mduara mweupe. Subiri dakika 20, suuza mara tatu kwa maji mengi, acha ikauke kabisa kabla ya msasa, vumbi lake halifai kuvutwa. Ikikosekana, maji ya ndimu hupunguza doa jepesi, zito hapana.

Ungio: usijaribu kuchuruzisha gundi mpya kwenye ufa. Gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani. Kiti kifunguliwe. Siki ya moto ikidondoshwa kwenye ungio huilegeza gundi nyeupe baada ya dakika chache. Gonga kwa nyundo ya mbao, si ya chuma. Kwangua ulimi (ncha ya mbao inayoingia kwenye ungio) na tundu lake kwa patasi hadi mbao safi ionekane, kausha siku mbili. Kisha gundi ya epoksi ya vichupa viwili, changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usikisie. Kama ulimi umepungua na unaingia kwa kulegea, tia unga wa msumeno wa mninga kwenye epoksi hadi iwe nzito kama siagi ya karanga.

Kubana si lazima uwe na klempu. Tyubu ya baiskeli iliyochanwa kuwa kamba ndefu inazungushwa kwa kuvutwa, mizunguko mitano sita. Usibane hadi gundi yote itoke nje, epoksi inahitaji kubaki kidogo ndani ya ungio. Kabla haijashika, weka kiti juu ya sakafu iliyosawazika uone miguu yote minne inagusa. Baada ya saa 24 toboa katikati ya ungio kwa keekee ya milimita 8 na upige kigingi cha mninga. Msumari hauna kazi hapo.

Kwenye vipande vya kukalia na vya juu ya meza tumia skrubu za stenlesi, au za shaba. Kwa skrubu ya milimita 4 toboa tundu la milimita 3. Za shaba ni laini na hukatika kichwa, kwa hiyo ingiza kwanza ya chuma ya saizi hiyohiyo, itoe, ndipo uweke ya shaba. Vipande vya juu viachiane milimita 5 au 6. Vikibanana, maji yanasimama na mbao ikivimba haina pa kwenda, inasukuma fremu hadi ungio lifunguke. Mninga hutulia: ubao wa sentimita 20 huongezeka milimita moja hivi kati ya kiangazi na mvua. Mkaratusi ni zaidi ya mara mbili ya hapo, ndiyo maana meza ya mkaratusi hupiga kelele usiku.

Miguu iliyooza sentimita mbili: kata miguu yote minne ya kiti hicho kwa kipimo kimoja. Kiti cha kimo cha 45 kitakuwa 43, hakuna atakayelalamika. Ingekuwa imeoza zaidi ya sentimita tatu ningesema unga kipande kipya, kwa mkato wa nusu kwa nusu wenye urefu usiopungua mara tatu ya unene wa mguu, kwa epoksi na vigingi viwili.

Baada ya kukata, ncha zote za miguu, hata za viti vizima, zisuguliwe kwa msasa na kupakwa epoksi mara mbili. Hilo lifanyike kabla ya mafuta, epoksi haishiki kwenye mbao yenye mafuta. Chini yake weka kipande cha plastiki nene au tairi kwa skrubu moja, kiwe kidogo kuliko mguu kwa milimita tano kila upande. Kikiwa sawa na mguu au kikubwa kuliko mguu, kinashika maji kama kisahani.

Nta_Sikonge

Na kwa nini hakuna anayetaja nta ya nyuki? Tabora ndiyo nyumbani kwake, ni safi, haina harufu ya tapentaini, na kwenye mbao za ndani hakuna inayoishinda.

Fundi_Isevya (Tabora)

Za ndani, naam. Juu ya meza iliyo juani, hapana: nta huanza kulainika mapema na huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65, na uso wa mbao nyeusi ya saa saba mchana unakuwa wa moto kiasi cha kuifanya nta ishike vumbi lote la uani. Glasi ya maji baridi nayo inaacha duara jeupe. Kibaya zaidi, ukishapaka nta, mafuta ya mwaka kesho hayaingii hadi uitoe yote kwa tapentaini.

Pamoja na hayo, kuna sehemu moja naikubali: chini ya miguu kwa asiyepata epoksi, na kwenye ncha za vipande vya benchi. Gramu 100 za nta kwa mililita 400 za linsidi. Yeyusha nta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria la maji, usiiweke moja kwa moja motoni. Itoe nje mbali na jiko, ndipo umimine mafuta huku ukikoroga. Paka ikiwa bado ya uvuguvugu, ncha inywe hadi ishibe.

Nta_Sikonge

Hapo tumeelewana, ingawa kwa viti vya barazani bado nashikilia nta.

Mchunga_Misitu (Tabora)

Vitundu na unga: huyo si mchwa. Mchwa hutoka ardhini, hujenga njia za udongo juu ya mguu, na hula kwa ndani akiacha ganda. Unga laini kwenye sehemu ya njano ni bungua. Ile njano ndiyo mbao ya pembeni karibu na gome, ina wanga, na wadudu wa mbao kavu huifuata hiyo. Kiini cha kahawia chenye mistari hawakigusi, wala mchwa hakimpendezi. Mninga unaosifiwa ni kiini. Ukinunua mbao nyingine ukague kingo zote mbili, maana wauzaji hawapunguzi njano bila kuombwa.

Wakulima wa huku wakiona vitundu husema ni dumuzi, yule aliyeingia Tabora kwenye mahindi mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupewa jina la skania. Si ajabu, kwa kuwa naye hutoboa mbao kavu, lakini makao yake ni ghalani. Kama viti havihifadhiwi pamoja na magunia ya mahindi, shuku bungua kwanza.

Kama njano ni ukingo wa sentimita moja mbili, ichane na uitupe jikoni iungue. Kama huwezi, dawa ya boroni: boraksi gramu 60 na asidi ya boriki gramu 40 kwa lita moja ya maji ya moto. Paka kwenye mbao iliyokwaruzwa hadi ikabaki tupu, mara tatu siku hiyohiyo kabla haijakauka, ingiza kwa bomba la sindano kwenye vitundu vyenyewe. Acha wiki nzima ikauke, ndipo mafuta. Boroni huyeyuka kwa mvua, bila mafuta juu yake itaoshwa yote ndani ya msimu mmoja.

Mchwa dawa yake ni nafasi. Weka viti juu ya vigae vya zege au matofali ya kuchoma yaliyoinuka sentimita tano hadi saba, pasiwe na majani yaliyolundikana. Njia ya udongo ikionekana, ibomoe siku hiyohiyo.

Mkazi_Kibirizi

Limebaki la benchi la mvule. Nilijaribu mafuta kwenye kipande cha chini, siku ya nne bado yananata ingawa nilifuta. Na wakati wa mvua nifunike kwa turubai?

Mdau_wa_Rangi

Mvule una kemikali ya asili inayochelewesha mafuta kukauka. Futa uso kwa kitambaa chenye thina, subiri dakika kumi, paka mara moja, usiache hadi kesho yake kwani mafuta ya mti hupanda tena. Mpako wa kwanza uwe mwepesi, tapentaini sehemu mbili badala ya moja. Kile kipande kilichonata kipanguse kwa tapentaini na uanze upya. Halafu ukipiga randa kwenye mvule angalia vijiwe vyeupe ndani ya mbao, ni chokaa ya mti wenyewe na huvunja makali ya randa.

Fundi_Isevya (Tabora)

Turubai la nailoni likifika hadi chini linapika mbao: unyevu wa ardhini unapanda, haupati pa kutokea, ukifunua wiki ya tatu umekuta ukungu. Funika juu tu, sentimita 30 za chini ziwe wazi, na katikati ya meza simamisha ndoo ili maji yateremke. Viti viegemezwe mezani kwa mgongo ili maji yasikae kwenye sehemu ya kukalia. Mito iingizwe ndani kila jioni. Huko kwenu ziwa ni la maji baridi, kwa hiyo yale maonyo ya chumvi wanayopeana watu wa pwani hayakuhusu.

Ratiba: mvua zikikatika Mei, osha na uchome miguu kwa bisibisi. Julai au Agosti dondosha maji juu ya meza. Yakisimama kama shanga, acha. Yakinywewa ndani ya dakika moja, msasa wa 120 kidogo na mpako mmoja, kwa kawaida sehemu za mikono ya viti na juu ya meza ndizo zinazohitaji. Kwa mwaka huu, ukibanwa na muda, miguu na maungio yatangulie. Mipako miwili juu ya meza inatosha kuvuka mvua, wa tatu utaupaka Juni.